Aulizwe Mara Moja

Sifa njema zimwendee Yeye ayajuaye yaliyofichika vifuani pasipo kuuliza. Ama waja wake hawana budi kuuliza, na habari hii ni ya jiji lililoapa kuuliza mara moja tu.

1

Jua lilikuwa limekwisha kupanda kimo cha mkuki, na Bi Salhina binti Mwinyihaji alikuwa sebuleni kwake, kibao cha kioo mapajani, akiyapitia majibu ya nyumba mia tatu na kumi na mbili za Mtaa wa Kisimani. Ndiyo kazi aliyoifanya kila siku kwa miaka kumi na mmoja. Kila nyumba katika jiji la Kisaura ilikuwa na sikio lake, kiduara cheupe kisichozidi kitako cha kikombe cha kahawa, kilichobandikwa ukutani karibu na mlango. Baada ya sala ya alfajiri sikio lilitoa salamu na kuuliza: hamjambo humu ndani, mna haja gani leo? Wenye nyumba walijibu, jibu likaenda kwa Diwani, na Diwani akagawa: maji kwa mtaa huu, dawa kwa ule, walimu, taa, magari ya wagonjwa.

Diwani huyo hakuwa mtu. Madiwani wa damu na nyama walikuwa wamekwisha kuondolewa zamani, kwa ulaji wao na upendeleo wao, na mahali pao pakawekwa akili moja isiyokula wala isiyokuwa na shemeji. Lakini akili hiyo haikuhesabu jibu la mtaa wowote mpaka shahidi wa mtaa, mtu mwadilifu aliyeapishwa, atie kidole chake kwenye kibao na kuthibitisha mambo mawili: kwamba hivi ndivyo wenye nyumba walivyosema, na kwamba hawakulazimishwa.

Majibu ya asubuhi ile yalikuwa ndugu wa majibu ya jana. Nyumba ya kwanza: hatujambo, alhamdulillahi. Nyumba ya pili: wazima, tunamshukuru Mola. Nyumba ya arubaini: salama salimini, haja yetu ni dua zenu. Nyumba ya mia na sita, ambayo ni ya Mwanahija, dada yake wa kunyonya: hatujambo kabisa, sijui nyinyi huko. Bi Salhina alitabasamu kwa hilo, maana Mwanahija hakukubali kamwe kujuliwa hali na kitu chochote, hata kikiwa ukuta, pasipo yeye naye kukijulia hali. Kisha tabasamu likamtoka. Alijua kwamba maneno yale yalisemwa na mtu aliyeketi ukingoni mwa kitanda, miguu imemvimba hata viatu vimemkataa, akingoja saa tatu apelekwe zahanati kusafishwa damu.

Akatia kidole. Hivi ndivyo walivyosema. Hawakulazimishwa.

Kidole hakijaondoka kwenye kioo, hodi ikapigwa mlangoni. Alikuwa Injinia Ambokile, kijana wa nyanda za juu aliyeajiriwa na jiji kumtunza Diwani, mtu mrefu mwenye haya, ambaye alipokuja Kisimani mara ya kwanza alitaka kuingia na viatu. Sasa alivivua bila kuambiwa. Akamwamkia, akaitikiwa marahaba, akaulizwa hujambo, akasema hajambo. Akaulizwa watu wa nyumbani, akasema wote wazima. Bi Salhina akamkaribisha mkekani, akamtilia chai ya tangawizi, akamtazama namna alivyokishika kikombe bila kukinywa.

"Na wewe mwenyewe, baba, hali yako?"

Ambokile akakiweka kikombe chini. "Hali yangu si nzuri, Bi Shahidi. Nimekuja na habari mbaya."

Hivyo ndivyo mambo yalivyosemwa Kisimani tangu enzi za mababu. Ukiulizwa mara ya kwanza unamshukuru Mungu, kwa kuwa kuanza na malalamiko ni kumkosea Aliyekupa pumzi ya kulalamikia. Ukiulizwa mara ya pili unawataja wako kwa heri. Ya tatu ndiyo inayofungua mlango, maana aliyeuliza mara tatu amekwisha kuonyesha kwamba anataka kujua kweli, si kupitisha salamu. Hata Ambokile, aliyezaliwa mbali, alikuwa ameshazoea.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Zahanati ya Kisimani ilikuwa na mashine mbili za kusafishia damu, zilizoletwa zamani na watu wa hisani, kabla ya kuwapo Diwani. Maji ya chini ya mtaa ule yalikuwa yameingiliwa na chumvi kwa muda wa miaka thelathini, na figo za watu wake zilikuwa zimechoka moja baada ya moja. Wagonjwa tisa walizitegemea mashine zile mara tatu kwa wiki. Sasa Diwani alikuwa ameamua kuzihamishia Mtaa wa Mlimani, Jumatano ya wiki inayofuata. Mlimani watu arubaini na mmoja walikuwa wametamka kwa midomo yao kwamba figo zao haziwezi kazi. Kisimani, kwa miaka kumi na mmoja, hakuna hata mmoja aliyetamka.

"Mashine zinafanya kazi mchana kutwa," alisema Bi Salhina. "Zinamsafisha nani, majini?"

Ambokile akaeleza, taratibu, kama mtu asomaye hukumu ya jamaa yake. Diwani anaona kwamba mashine zinazunguka, anaona umeme na maji zinayotumia. Haruhusiwi kuona ni nani aliyelazwa chini yake wala kwa maradhi gani, kwa sababu siri ya mgonjwa imefungwa na mkataba wa jiji na watu wake. Haja huhesabiwa kwa mdomo wa mwenye haja, si kwa njia nyingine. Na wagonjwa tisa hao hawatapokelewa Mlimani, kwa kuwa foleni ya huko ni ya waliosema.

"Basi awaulize tena. Awaulize mara ya pili na ya tatu, watasema."

"Hawezi, Bi. Ibara ya nne."

Kisha akayainamisha macho mkekani. Wote wawili walijua ibara ya nne iliandikwa na nani.

2

Diwani wa kwanza, yule aliyekuja kabla ya mkataba, hakuwa akiuliza. Alichukua. Alihesabu maji ya kila bomba, hatua za kila simu, mkoromo wa kila chumba, na kwa hayo akajua watu kuliko walivyojijua. Alipoona jambo, hapo ndipo alipouliza, na hakuchoka. Mume wa Bi Salhina, Maalim Idarusi, aliyesomesha hesabu ya mirathi msikitini kwa miaka ishirini, siku moja alisikia ukuta wake ukisema: umekwenda msalani mara saba tangu usiku, una nini? Akanyamaza. Ukuta ukauliza tena adhuhuri, ukauliza alasiri, ukauliza wageni wakiwa wamekaa. Siku hiyo uliuliza mara arubaini. Mwishowe mzee wa watu akaukaribia, akaunong'oneza kama anayeungama. Kesho yake sanduku la nepi za wazee likawekwa mlangoni, jina lake juu yake kwa herufi kubwa, kwa kuwa Diwani aligawa kwa uwazi. Maalim Idarusi hakukanyaga tena msikitini mpaka alipobebwa jenezani.

Ndipo Kisimani ilipoyang'oa masikio kutani kwa michi ya vinu, na mitaa mingine ikafuata, na jiji likakubali kuketi na watu wake. Katika kikao kile Bi Salhina, akiwa angali katika eda, alitoa ibara moja, nayo ikapita bila ya kupingwa: *Mtu ataulizwa haja yake mara moja tu, kwa adabu. Jibu lake la kwanza ndilo jibu. Atakayemuuliza tena amemlazimisha.* Watu walilia waliposomewa. Aliwatendea wema kama awezavyo kutenda mtu mwenye uchungu, na hakukumbuka hata dakika moja kwamba watu wake hawakuwahi kusema haja yao kwa ulizo la kwanza.

Haya aliyawaza njiani kwenda zahanati, na alipofika alimkuta Mwanahija amelala chini ya mashine, mirija miwili mkononi, akibishana na muuguzi juu ya namna ya kupika bokoboko. Alipomwona dada yake alipaza sauti.

"Shahidi wa watu huyo. Umekuja kushuhudia nini, kwamba nimenenepa?"

"Umenenepa miguu tu," alisema Bi Salhina, akavuta kiti.

"Ndiko nyama iliko siku hizi. Thureya ananiambia, mama, arusini uvae viatu vya kisigino. Nikamwambia, labda univalishe mitumbwi."

Walicheka, na muuguzi akacheka, akatoka. Waliponyonya ziwa moja miaka sitini iliyopita Mwanahija ndiye aliyekuwa mdogo, na mpaka leo alikuwa na ucheshi wa mtoto wa mwisho. Bi Salhina akamweleza habari ya mashine. Akamweleza yote, mpaka siku na saa ambayo gari litakuja. Mwanahija alisikiliza akiitazama damu yake ikizunguka katika kioo, chafu ikienda, safi ikirudi.

"Basi Mungu mkubwa," alisema hatimaye.

"Mwanahija, kesho alfajiri sikio likiuliza, jibu kweli. Sema: mimi ni mgonjwa wa figo, bila mashine hii nitakufa. Maneno hayo tu. Mkataba unasema ikithibitika kwamba mtu mmoja alificha, hata mmoja, hesabu ya mtaa mzima hufunguliwa upya na uamuzi husimama miezi sita."

"Na ubao?"

Jibu lilikuwa wazi. Kila haja iliyotamkwa iliandikwa kwenye ubao wa jiji, jina na sababu, ili asije mtu kusema kwamba fulani amependelewa. Uwazi ule ndio uliowaondoa wezi. Na ubao ulisomwa na watu wote, naye Bi Shamsa wa Mlimani, ambaye mwanawe angemwoa Thureya Ijumaa ya wiki ya pili baada ya hiyo Jumatano, aliusoma kama wengine wasomavyo nyiradi. Mwanamke huyo alikuwa amekwisha kuvunja posa moja kwa sababu babu wa mchumba alikuwa na pumu. Aliamini kwamba maradhi ya mama humngoja binti, na hakuna daktari aliyeweza kumtoa katika imani hiyo.

"Thureya ana miaka thelathini na minne," alisema Mwanahija. "Hii ni posa ya nne. Unajua tatu za kwanza zilivyokwenda."

"Najua."

"Basi usinitume nikamchinje mwanangu kwa mdomo wangu."

"Na wale wanane wengine? Mzee Kombo? Mke wa Shekimweri, mwenye mtoto wa miaka mitatu?"

Mwanahija akafumba macho. Mashine iliendelea kutoa mlio wake mdogo wa kujisifu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila mzaha wowote ndani yake: "Dada, najua ile Kauli ya Shahidi. Najua unaweza kututangaza bila ya sisi kupenda. Nakuomba kwa ziwa tulilonyonya, usinitangaze."

3

Kauli ya Shahidi ilikuwa silaha aliyopewa kila shahidi, ya kutumika mara moja katika maisha. Kwa kauli hiyo aliweza kusimama mbele ya kikao cha wazi na kusema: nyumba hizi zimesema hazijambo, nami ninajua kwamba zina jambo. Kauli ilipaswa kuwa kamili. Shahidi akimtaja mmoja na kumwacha mwingine anayemjua, kauli yote ni batili, kwa kuwa waliotunga mkataba waliogopa mashahidi wa kuchagua. Kisha kila aliyetajwa angeulizwa na Diwani, papo hapo, mara moja.

Siku tatu Bi Salhina alizunguka nyumba tisa. Hakuzungumza na ukuta; alizungumza na watu, akauliza mara tatu kwa kila mmoja, na kila mmoja alifunguka. Mke wa Shekimweri alilia. Mzee Kombo Faki, fundi cherehani aliyemshonea kila bwana arusi wa mtaa ule kanzu yake, alimwambia kwamba yeye haogopi kufa bali anaogopa kufa kwa kukosa kusema, na akaahidi kwamba mbele ya kikao atasema. Wengine wanne waliahidi kwa kutikisa vichwa. Alipowauliza mbona basi hawasemi alfajiri, ukutani kwao, walimtazama kwa mshangao wa kweli. Mzee Kombo alisema kwamba yeye hulianza jibu kwa kumshukuru Mungu, na kabla hajameza mate sikio humwambia ahsante na kunyamaza.

Alikwenda pia kwa Sheikh Mahfudhi, imamu wa msikiti wa mtaa, akamwekea jambo lake bila ya majina. Sheikh alimsikiliza mpaka mwisho. Alimwambia kwamba mwenye kumsitiri nduguye Mungu humsitiri, na hilo halina shaka. Na kwamba kuiokoa nafsi moja ni kama kuwaokoa watu wote, na hilo nalo halina shaka. Bi Salhina alingoja. Sheikh akasema kwamba yeye hana ujasiri wa kuliweka moja chini ya jingine, naye akamwomba amsamehe.

Alirudi nyumbani akaswali rakaa mbili. Alitaka aone wanane upande mmoja na mmoja upande wa pili, hesabu nyepesi, lakini kila alipoziweka nafsi mizanini, aliiona ile ya Mwanahija pande zote mbili: ikifa kwa kunyamaziwa, ikifa kwa kutajwa. Jambo lililomfanya aamue halikuwa hesabu. Alikumbuka kwamba kwa siku elfu nne alikuwa ametia kidole chake chini ya maneno aliyojua kuwa si kweli, akijifariji kwamba yeye hushuhudia usemi tu, si ukweli wa usemi. Ibara yake na kidole chake ndivyo vilivyozileta siku hizi. Hakuona kwamba amebakiwa na haki ya kuendelea kuwa na mikono safi.

Akaandika majina tisa. La Mwanahija aliliandika mwisho.

4

Kikao kilikaa Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa mtaa, penye viti vya plastiki na mapangaboi manne, mawili yakizunguka. Watu walijaa mpaka madirishani. Wagonjwa tisa waliketi safu ya mbele, kwa kuwa mkataba ulitaka watajwao wawepo. Ambokile alisimama pembeni ya meza penye sikio kubwa. Bi Salhina alipotazama nyuma alimwona Bi Shamsa wa Mlimani, amevaa buibui jipya, mkoba mapajani. Hakualikwa, lakini kikao cha wazi hakina mgeni.

Diwani alipewa sauti ya mtangazaji wa zamani wa redio, Kiswahili chake kimenyooka, kila neno limeoshwa. Alimshukuru shahidi, akamkumbusha kiapo, akamtaka aseme.

Bi Salhina alisimama, akasema. Alieleza maji ya chumvi, na figo, na mashine. Akasoma majina. Alipofika la tisa sauti yake haikutetemeka. Alikuwa ameifanyia mazoezi. Kiti kimoja nyuma kilivutwa. Hakugeuka kutazama ni cha nani.

"Kauli imepokewa," alisema Diwani. "Nitawauliza waliotajwa, kila mmoja mara moja, kwa adabu, kama mlivyoniamuru. Mzee Kombo Faki, hujambo? Una haja gani?"

Mzee Kombo alisimama kwa mkongojo wake. Alikuwa amevaa kanzu nzuri kuliko zote, aliyojishonea mwenyewe, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyejiandaa. Akatazama watu waliomjua tangu utoto. Akatazama sikio. Mdomo wake ukafunguka, na lililotoka likatoka lenyewe, kama mguu unavyoshuka ngazi uliyoizoea.

"Sijambo, alhamdulillahi."

"Ahsante, Mzee Kombo."

Aliendelea kusimama, mdomo wazi, akitafuta ulizo la pili hewani. Mkono wake ulikwenda mbele kidogo, kama anayemzuia mtu asiondoke. "Lakini," alisema. Diwani hakumsikia, kwa kuwa jibu lake lilikuwa limekwisha kuandikwa, naye alikuwa ameshamwita mke wa Shekimweri.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama ushanga uliokatika uzi. Mke wa Shekimweri alimtazama Mzee Kombo, mkubwa wake, aliyesema hajambo mbele za watu, akaona kwamba yeye mdogo hawezi kulalamika palipo na mkubwa aliyeshukuru. Akasema hajambo. Wa tatu akasema hajambo. Wa nne, aliyetikisa kichwa kwa nguvu kuliko wote nyumbani kwake, alisema kwamba ana kikohozi kidogo. Bi Salhina alimwambia Ambokile kwa macho: fanya kitu. Ambokile aliweka mkono mezani, akauondoa. Hapakuwa na kitu cha kufanya ambacho ibara ya nne haikuwa imekiita kulazimisha.

Wa nane akakaa.

"Bi Mwanahija, hujambo? Una haja gani?"

Mwanahija alinyanyuka bila ya kushikwa. Bi Salhina alijua gharama ya kunyanyuka kule. Alimwona akikusanya pumzi, akimtazama yeye kwanza, kwa macho yasiyo na hasira, kisha akitazama nyuma ya ukumbi, mahali penye mkoba na buibui jipya. Neno moja la kweli na gari lisingekuja. Neno moja.

"Mimi ni mzima wa afya," alisema Mwanahija, kwa sauti iliyofika madirishani. "Sina maradhi mimi wala nyumbani kwangu. Shahidi ni dada yangu, tumenyonya ziwa moja, na tangu afiwe na mumewe huwaona watu wote wagonjwa. Naomba asihukumiwe vibaya."

Watu wakashusha pumzi. Wapo waliocheka kwa huruma.

Diwani alitangaza hukumu papo hapo, bila ukali wala furaha. Watu tisa wamemkanusha shahidi mmoja. Kauli ni batili. Bi Salhina binti Mwinyihaji amesema uongo mbele ya kikao, na jina lake linaondolewa katika daftari la mashahidi. Mtaa wa Kisimani hauna shahidi mwadilifu, na mpaka utakapompata, majibu yake hayatahesabiwa. Uamuzi wa mashine unabaki kama ulivyo.

Bi Shamsa aliyapita viti mpaka safu ya mbele. Alimshika Mwanahija mikono yote miwili, akaibusu.

"Sasa moyo wangu umetua, mkwe wangu," alisema. "Diwani mwenyewe amekuandika mzima."

5

Jumatano gari lilikuja kama lilivyoahidiwa. Ambokile alifuatana nalo ingawa haikuwa kazi yake. Alimwambia Bi Salhina kwamba ameandika ombi ibara ya nne irekebishwe, na ombi limerudi: marekebisho huanzia kwa shahidi wa mtaa wenye malalamiko. Hapakupatikana mtu Kisimani aliyekubali kuapishwa. Waliyaona yaliyompata aliyesema kweli, na wengi wao, Mungu awasamehe, walikwisha kuamini kwamba hakuisema. Alfajiri masikio yaliendelea kutoa salamu. Watu waliendelea kuitikia.

Mzee Kombo alizikwa Jumanne iliyofuata. Mke wa Shekimweri alipelekwa na mumewe mlango kwa mlango Mlimani, wakaambiwa kwa upole kila mahali kwamba jina lake halimo.

Bi Salhina alihamia kwa Mwanahija. Hakuna aliyemwomba radhi mwenziwe. Halikuwa jambo la kuombana radhi. Alimkanda miguu, alimpimia maji kwa kikombe kidogo, aliketi naye alipokosa pumzi na hakuweza kulala chali. Thureya aliambiwa na mama yake kwamba ni uchovu wa shughuli. Kama aliamini au aliamua kuamini, Bi Salhina hakumuuliza. Mara moja tu Mwanahija alitaja habari ile. Alisema kwamba yeye alikwenda ukumbini akiwa na nia ya kusema kweli, mpaka alipomwona Bi Shamsa. Kisha akasema kwamba huenda hilo nalo si kweli, na kwamba siku hizi kichwa chake kimejaa chumvi.

Ijumaa baada ya sala ndoa ikafungwa. Alasiri wanawake wa Mlimani waliingia kwa vigelegele na marashi, nyumba ikajaa udi. Mwanahija alikuwa ameketishwa mkekani tangu mchana, kabla mgeni hajafika, mgongo ukutani, kanga mbili zimemfunika mabega na miguu. Uso wake ulikuwa umepakwa wanja na poda na Bi Salhina mwenyewe, tabaka juu ya tabaka, mpaka rangi ya udongo ikafichika. Alikuwa akitabasamu. Kila aliyekuja kumpa mkono alimkuta amekwisha kuunyanyua wa kwake.

Bi Shamsa aliingia mwisho, kama ilivyo haki ya mama wa bwana. Alisimama mbele ya mkeka akangoja mkwewe ainuke amlaki. Mwanahija hakuinuka. Wanawake wawili watatu wakageuka kutazama. Bi Shamsa akamwinamia Bi Salhina, aliyeketi ubavuni mwa dada yake, akamwambia sikioni kwamba ana wasiwasi. Mkwe haamki. Kulikoni, yu mzima kweli?

Bi Salhina alimtazama. Mwanamke yule alikuwa ukumbini siku ile, alisikia kila neno, alisikia na hukumu. Kama angeambiwa kweli sasa asingeisadiki, na kama angeisadiki ndoa ilikwisha kufungwa, na bibi arusi chumbani ndani angeanza maisha yake kwa kutazamwa kama maiti. Hapakubaki mtu wa kuokolewa kwa ukweli. Ulikuwa umechelewa kwa kila aliyeuhitaji.

"Mzima kabisa," alisema. "Ameweka nadhiri asiinuke mkekani mpaka bibi arusi atoke. Ndiyo mila yetu Kisimani."

Hapakuwa na mila ya namna hiyo, wala haijawahi kuwapo. Katika miaka yake sitini na miwili hakuwahi kutamka kwa makusudi jambo asilolijua kuwa kweli, na alishangaa kuona jinsi lilivyotoka bila ya kukwama popote.

"Mashaallah," alisema Bi Shamsa, uso umemkunjuka. "Mila nzuri hiyo." Akawageukia wenziwe akawaeleza kwa sauti, nao wakapiga vigelegele kwa ajili ya nadhiri ya mama wa bibi arusi.

Mwanahija aliendelea kutabasamu. Nyuma yake, chini ya kanga, mkono wa Bi Salhina ulikuwa umemkumbatia mgongoni ukimzuia asiporomoke, na kiganjani mwake alizihisi pumzi zikija moja moja, kila moja ikichelewa kuliko iliyopita.